Godoro gumu si lazima lidumu: dhana zinazowala hela wanunuzi wa Dar

Mwenye hela ya kuunga-unga ndiye anayetakiwa kuwa mkali zaidi dukani, kwa sababu akikosea leo hana ya kununulia jingine mwakani. Ukipita Kariakoo, Manzese au Tandika utayakuta magodoro yamesimamishwa barazani ndani ya nailoni zake, yote yanang'aa, yote "orijino". Muuzaji anakukaribisha vizuri: "Karibu dada yangu, bonyeza mwenyewe uone. Hili halibonyei leo wala kesho." Unabonyeza kwa kiganja, linagoma, roho inatulia, unalipa. Miezi michache baadaye kuna shimo upande wa baba, shimo upande wa mama, na kilima katikati. Tunaishia kusema magodoro ya siku hizi mabovu. Mengine ni mabovu kweli, lakini mara nyingi tumeyachagua wenyewe kwa kufuata vigezo visivyohusiana na uimara.

"Likiwa gumu ndilo linalodumu"

Hii ndiyo dhana mama, na ndiyo inayokula hela nyingi kuliko zote.

Zamani za magodoro ya sufi na ya usumba wa nazi, mtu aliona kwa macho kilichojazwa ndani. Leo mengi tunayolalia ni ya sponji ya poliyurethani. Kiwandani huchanganywa kemikali mbili kuu za majimaji pamoja na maji kidogo. Zikikutana hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, mchanganyiko unaumuka kama unga wa maandazi, kisha unakauka ukiwa umejaa vitundu. Ndiyo maana zaidi ya asilimia 95 ya godoro la kawaida la sponji ni hewa. Unachokilipia ni kile kidogo kinachobaki, na kazi yako dukani ni kujua kidogo hicho ni kiasi gani.

Kipimo chake ni msongamano, yaani kilo ngapi za sponji zimo katika mita moja ya ujazo. Muuzaji anayeijua kazi yake ukimuuliza "densiti ngapi?" atakujibu kwa namba. Ugumu ni kipimo kingine kabisa: ni nguvu inayotakiwa kulibonyeza godoro. Kiwanda kikibadili uwiano wa kemikali kinaweza kutoa sponji ngumu yenye kilo chache, au laini yenye kilo nyingi. Sponji nyepesi iliyofanywa ngumu ina kuta nyembamba za vitundu. Zikibanwa kila usiku na mwili wa mtu mzima zinachoka na kukatika, ugumu unakwenda zake na shimo linabaki. Kiganja chako pale dukani kimepima ugumu wa siku ya kwanza tu.

Kwa kitanda cha watu wazima wanaolala kila siku, mimi nisingeshuka chini ya kilo 20 kwa mita ya ujazo, na kama hela inaruhusu ningetafuta 25. Wenye miili mikubwa waende 30. Sponji nyepesi kuliko 20 iachiwe kitanda cha mgeni anayekuja mara mojamoja.

"Inchi nyingi ndiyo ubora"

Hapa hesabu kidogo inaokoa hela nyingi, na inafanyika kwa simu yoyote yenye kikokotoo. Zidisha upana kwa urefu kwa futi, kisha zidisha kwa unene wa inchi uliogawanywa kwa 12. Godoro la 5 kwa 6, inchi 8, lina futi za ujazo 20. Kila futi moja ya ujazo ya sponji yenye msongamano wa 20 ina uzito wa kilo 0.57 hivi, ya 25 ina kilo 0.71. Kwa hiyo godoro hilo linatakiwa liwe na sponji ya kilo 11 na ushee kwa msongamano wa 20, au kilo 14 hivi kwa msongamano wa 25. La 4 kwa 6, inchi 6, lina futi za ujazo 12: kilo 7 kasoro kidogo, au kilo 8 na nusu.

Sasa chukua la 5 kwa 6, inchi 10. Lina futi za ujazo 25. Likiwa na kilo 11 tu za sponji, msongamano wake ni kama 16. Maana yake ni kwamba limebeba sponji ileile iliyomo kwenye inchi 8 la msongamano wa 20, na zile inchi mbili za juu umenunua hewa. Litapendeza likitandikwa, shuka litakaa vizuri, na litabonyea mapema.

Kulipima si jambo la aibu. Maduka mengine yana mizani ya kuning'iniza. Pasipokuwa nayo, mizani ya kupimia uzito wa mtu inatosha: panda mwenyewe kwanza, panda tena umebeba godoro, toa ya kwanza kwenye ya pili. Punguza kilo moja hadi moja na nusu kwa ajili ya kitambaa cha juu. Muuzaji akikasirika kwa sababu unapima uzito wa kitu unachotaka kukinunua, duka la jirani liko hatua mbili. Nenda pia na futikamba. Lipime unene pembeni na katikati, lipime na upana, kwa sababu kinachoitwa inchi 8 kinaweza kuwa 7.

Ila uzito nao una hila yake. Sponji huweza kuchanganywa na unga wa kalsiamu kaboneti, ndugu yake chaki, ili ipate kilo kwa bei nafuu. Fungua zipu ikiwepo, sugua sponji kwa vidole. Ikiacha unga, au kona yake ikimeguka ukiifinya, hizo kilo si za kuzihesabu. Yapo pia magodoro ya vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja, utayajua kwa rangi zake za madoadoa. Hayo ni mazito na magumu kwa asili, kwa hiyo namba za hapo juu haziyahusu. Usiyalinganishe na sponji nzima.

Mwenye bajeti finyu kabisa afikirie hivi: badala ya kung'ang'ania 5 kwa 6 la sponji nyepesi, achukue 4 kwa 6 la sponji nzito. Chumba chenyewe cha kupanga Mbagala au Buguruni kitamshukuru.

"Mgongo unauma, nipe lile gumu kabisa"

Ushauri huu tumeurithi, na wapo hata wanaolala chini kwenye mkeka wakiamini wanajitibu. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu zaidi. Neno "othopediki" kwenye kitambaa, yaani la kutunza mifupa na mgongo, lisikufanye uongeze hela bila kupima. Lala juu yake palepale dukani, kwa ubavu kama ndivyo ulalavyo nyumbani, na umwombe uliyekwenda naye aangalie kama uti wa mgongo umenyooka au umepinda.

Mtoto mchanga ni habari nyingine. Yeye anahitaji godoro gumu, bapa, lisilo na mito wala mablanketi ya kumfunika uso. Hapo ulaini ni hatari, naomba lisichukuliwe kwa mzaha.

"Jina linajulikana na nembo ipo"

Nembo imechapwa kwenye kitambaa, na kitambaa hushonwa popote. Alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ina maana kubwa ikiwa ya kweli, lakini haikuzuii kukagua. Soma jina herufi kwa herufi. Majina yenye soko huigwa kwa kubadilisha herufi moja au kuongeza neno. Tazama mshono: kiwanda hushona mstari ulionyooka kuzunguka godoro zima, na kitambaa hukaa juu ya sponji bila kulegea. Kitambaa kilichovalishwa sponji nyingine huwa na mikunjo kwenye kona.

"Nailoni isitolewe, lisichafuke"

Tunalala Dar es Salaam. Kati ya Desemba na Machi joto halipungui hata usiku, na unyevu wa bahari uko hewani mwaka mzima. Jasho la usiku likigonga nailoni halina pa kwenda. Linarudi kwenye shuka na kitambaa, na ukungu unaanza, hasa masika yakiingia. Itoe nailoni siku ya kwanza. Ile harufu kali ya godoro jipya inatokana na kemikali zilizosalia kwenye sponji, nayo hupungua likiachwa wazi kwenye chumba chenye dirisha kabla ya kulitumia. Kama kuna mtoto anayekojoa, nunua kifuniko kisichopitisha maji chenye kitambaa juu, au weka mpira chini ya shuka upande wake tu.

Na kuanika? Hewa ni nzuri, kivuli chenye upepo ni kizuri zaidi. Jua kali moja kwa moja kwenye sponji tupu huifanya iwe ya njano na imeguke. Wala jua halimalizi kunguni: joto la juu halifiki ndani ya mishono na ndani ya sponji wanakojificha, na kunguni anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo godoro la bei ya bure kutoka kwa anayehama, likaguliwe mishono yote kwa tochi kabla halijavuka kizingiti chako. Lipya nalo lisipande kirikuu kimoja na makochi ya watu.

"Elfu mbili kwa siku siwezi kukosa"

Wapo wanaoleta godoro hadi mlangoni, ulipe kidogo kidogo kila siku. Kina mama wengi wauza vitafunwa na mboga wamenunua hivyo, na siwalaumu hata kidogo. Kupata laki mbili kwa mkupuo ni kazi. Ila piga hesabu kabla ya kusaini daftari. Elfu mbili kwa siku 180 ni shilingi 360,000. Kama godoro hilohilo taslimu ni 230,000, unalipa 130,000 kwa ajili ya kusubiriwa. Zamu yako ya mchezo kwa kijumbe, au kibubu, ingelileta kwa bei yake. Kuna pia maduka yanayopokea malipo ya awamu na kukutunzia godoro mpaka umalize. Hapo dai risiti kwa kila awamu.

"Mali ikiuzwa hairudishwi"

Kibao hiki kimetundikwa kila mahali hadi tunadhani ndiyo sheria ya nchi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kibao cha dukani hakiifuti. Uliyeuziwa inchi 7 kwa jina la 8 una haki ya kurudi na kudai, na muuzaji akigoma unaweza kulalamika Tume ya Ushindani. Lakini malalamiko bila karatasi hayaendi mbali, kwa hiyo dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kwenye karatasi hiyo au ya duka muuzaji aandike jina la godoro, upana, urefu, unene na msongamano aliokutajia.

Kabla ya kulitandika, kagua chaga za kitanda. Zikiwa zimeachana kupita upana wa kiganja, au moja imevunjika katikati, sponji itazama kwenye pengo hilo hata iwe ya msongamano wa 30, nawe utarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa. Mbao mbili tatu kutoka kwa fundi seremala zinamaliza tatizo.