Nyumba ya upataji nafuu ng'ambo kwa wasio na makazi: ni kitu gani hasa?

Mwenye pesa akienda nje ya nchi kuacha pombe au unga, huchagua mwenyewe: kliniki ya Thailand au Afrika Kusini, wiki chache, mbali na macho ya majirani. Kwa anayelala chini ya daraja, habari ni nyingine kabisa. Kwake, nyumba ya upataji nafuu ng'ambo ni mpango wa kumtoa mraibu asiye na makazi katika nchi aliyokwama na kumpeleka nchi nyingine, mara nyingi kwao alikozaliwa, akaishi katika nyumba ya upataji nafuu kwa miezi, pengine miaka.

Kwa nini asitibiwe palepale alipo? Kinachomzuia mara nyingi ni sheria, wala si ukosefu wa dawa. Chukua Wapolandi wa London. Nchi yao ilipoingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, walimiminika Uingereza kutafuta kazi. Hadi 2011, mfanyakazi kutoka huko alitakiwa kujiandikisha na kufanya kazi miezi 12 mfululizo ndipo apate haki kamili ya misaada ya serikali. Aliyeachishwa kazi kabla ya hapo hakuwa na ruzuku ya nyumba, na hosteli nyingi za wasio na makazi zilijiendesha kwa ruzuku hiyohiyo. Kitanda kipo, lakini yeye hakimhusu.

Ndipo mwaka 2007 shirika la Barka likaanza kazi London, kuwasaidia watu kama hao warudi kwao. Shirika hili lilizaliwa Poland mwaka 1989, wanasaikolojia wawili, Barbara na mumewe Tomasz Sadowski, walipohamia na familia yao katika shule iliyoachwa kijijini Władysławowo, wakaishi nyumba moja na watu waliotoka magerezani, hospitali za akili na mitaani.

Watu wa Barka hupita mitaani wawili wawili. Mmoja ana mafunzo ya saikolojia au ustawi wa jamii. Mwenzake, anayeitwa kiongozi, aliwahi kulewa na kulala nje yeye mwenyewe, na sasa yuko soba, yaani ameacha kabisa. Kwa maoni yangu, huyu wa pili ndiye mpango wenyewe. Kinachomkalisha mtu ugenini si nauli tu, ni aibu: nyumbani wanaamini ana kazi nzuri, sasa atarudi na nini mkononi? Hilo huwezi kumjibu kwa kipeperushi. Anayeweza kulijibu ni aliyepitia hayohayo, tena kwa lugha ya kwao. (Nyumba za soba, yaani za kupatia nafuu, za Unguja na Dar es Salaam, nyingi zikiendeshwa na waliopata nafuu, zinalijua hili vizuri.)

Akikubali kurudi, zinatafutwa hati zake za kusafiria, maana pasipoti huwa imepotea zamani. Halafu kuna suala la mwili. Mlevi wa miaka mingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa, kwa hiyo sumu hutolewa mwilini chini ya uangalizi wa daktari. Baada ya hapo ndipo maisha ya jumuiya yanaanza: kulisha mifugo, bustani, jiko, ukarabati wa nyumba, na pombe ni marufuku. Kwa mtumiaji wa heroini hatari iko mwishoni pia. Akishakaa miezi bila kutumia, mwili hauhimili tena kipimo cha zamani; akirudia kilekile, kinaweza kumuua. Kumtoa mtu kituoni bila mahali pa kwenda ni kumweka karibu kabisa na hatari hiyo.

Mpango huu usichanganywe na kufukuzwa nchini. Uingereza yenyewe iliwahi kuvuka mstari huo: serikali iliwahesabu raia wa Ulaya waliolala nje kuwa wanatumia vibaya haki yao ya kuishi humo, ikawaondoa, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Desemba 2017 kwamba sera hiyo ni kinyume cha sheria. Kwa hiyo ukisikia mpango wa aina hii popote, uliza kwanza: huyu mtu aliruhusiwa kukataa? Na akifika, nani anampokea?