Mzigo ukichelewa, jumba bovu humwangukia mkaguzi

Jumatatu ya kwanza ya Januari, saa mbili kasoro asubuhi. Tumekaa watu tisa kwenye viti vya plastiki, na bosi anauliza swali ambalo kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani analijua: "Nani amezuia mzigo?" Hakuna aliyejibu. Macho yote yalikuwa yameshanigeukia mimi.

Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda kidogo cha sweta huku Unga Limited, Arusha. Tunafuma sweta za shule hasa. Aliyewahi kuamka hapa asubuhi ya Julai anajua kwa nini biashara hiyo ipo. Ila mzazi hanunui Julai, ananunua Januari shule zinapofunguliwa, kwa hiyo mwaka wetu mzima unasongamana kwenye wiki chache za Novemba na Desemba, na kila mwenye oda anataka tarehe ileile.

Mzigo uliokuwa ukiulizwa ni sweta 1,200 za rangi ya damu ya mzee, za shule moja upande wa Usa River. Ulikuwa umechelewa siku nne. Kwenye fomu yetu ya mizigo iliyochelewa kuna safu ya "Sababu", na hapo mtu alishaandika neno moja: "Ukaguzi." Kwa kalenda tu, hakudanganya. Sweta zilinifikia siku moja kabla ya tarehe ya kukabidhi, nikazikataa, zikakaa kwangu.

Nieleze ninavyokataa, maana wapo wanaodhani mkaguzi ameamka vibaya tu. Sikagui sweta zote. Natumia majedwali ya sampuli ya ISO 2859-1, kanuni ya kimataifa ya kukagua mzigo kwa sampuli. Kwa ukaguzi wa kawaida, mzigo wa vipande 501 hadi 1,200 unatolewa sampuli 80, na zinachomolewa katoni mbalimbali, za juu na za chini. Kwa kiwango cha 2.5, yaani asilimia ya kasoro inayovumilika, ambacho mteja huyo alikikubali, sweta zenye kasoro zisipozidi 5 mzigo unapita. Zikifika 6 unarudi. Siku ile nilipata 11.

Kasoro yenyewe ilijificha vizuri. Ndani, chini ya tyubulaiti, sweta zilikuwa safi kabisa. Nikachukua moja, nikatoka nayo mlangoni kwenye jua la saa nne, nikaukunja mkono wake juu ya kifua. Kifua kilikuwa damu ya mzee hasa. Mkono ulikuwa umeelekea zambarau, utadhani umeazimwa kutoka sweta ya shule nyingine. Nyuzi mbili zilizotiwa rangi kwa michanganyiko tofauti zinaweza kufanana chini ya taa moja, zikaachana chini ya mwanga mwingine. Na watoto hawapangi mistari ya paredi chini ya tyubulaiti.

Nikaanza kurudi nyuma, kituo kwa kituo. Mfumaji akaniambia, "Dada, mimi nimefuma uzi niliopewa." Kweli. Mtunza stoo alitoa koni za uzi zilizokuwa karibu na mlango. Kweli pia: katoni zilikuwa na namba mbili za loti, yaani fungu la uzi lililotiwa rangi pamoja, ila hakuna aliyewahi kumweleza namba ile ina kazi gani. Uzi wenyewe uliingia kwa mafungu mawili, la pili likachelewa siku 14, kwa sababu hundi ya muuzaji ilikaa wiki nzima mezani ikisubiri sahihi, na ilipotoka loti ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Siku 14 zikaliwa huko mwanzoni, kimya kimya, bila kikao. Baada ya hapo mfumaji akapewa siku sita kwa kazi ya siku kumi, kola zikaunganishwa usiku kwa ovataimu, na nembo zikadariziwa huku dereva anapiga honi getini. Kila kituo kilirithi ucheleweshaji wa mwenzake, kikaupunguza kidogo kwa kulipua kazi, kikausukuma mbele. Mwisho wa foleni nimekaa mimi, na meza yangu ndiyo isiyo na pa kupunguzia. Sampuli 80 ni 80. Kwa hiyo fomu iliuliza mzigo umekwamia kwa nani, kisha ikajibu kana kwamba imeulizwa muda ulipotelea wapi.

Nami sijitoi. Fungu la pili la uzi lilipoingia niliitwa nikaliangalie. Nilikuwa na mzigo mwingine mezani, nikasema, "Uwekeni tu stoo." Hilo nalo nililitaja kwenye kikao, na ndipo wengine wakaanza kufungua midomo.

Kabla ya hapo walikuwa na sababu ya kunyamaza. Msimu mmoja nyuma, baada ya kuambiwa kwa sauti kwamba ninafukuza wateja, niliweka sahihi kwenye mzigo ambao roho yangu ilikuwa imeukataa. Wiki mbili baadaye sweta zikarudi, kola zinafumuka ukivuta uzi mmoja. Mama mmoja wa upande wa kola alinieleza kwamba alijua tangu siku ya kwanza: sindano moja ilikuwa inaruka mishono. Hakusema, kwa kuwa aliyesema kabla yake alikatwa hela ya uharibifu. Hapo niseme kidogo, maana wengi hawajui. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara hivi hivi tu. Lazima iwe ni kosa la mfanyakazi huyo, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya ujira wake.

Watu wa nguo hawana kisingizio katika jambo hili, kwa sababu somo lake limetoka kwenye kazi yetu wenyewe. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda, wa ukoo ulioanzisha Toyota, alikamilisha mashine ya kusuka iliyokuwa inasimama yenyewe uzi ukikatika. Haikungoja kitambaa kifike kwa mkaguzi. Baadaye viwanda vya magari vya Toyota vikampa fundi wa kawaida kamba ya kuvuta akiona hitilafu. Kwetu fundi anayesimamisha mashine huulizwa kwanza, "Nani kakutuma?"

Bosi hakushawishika kwa hadithi za Japani, nikamletea maharage. Mchezo ni wa W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani takwimu za ubora mwaka 1950. Yeye alitumia shanga. Nilinunua maharage soko la Kilombero, meupe manne kwa kila jekundu moja, na seremala akanitobolea kibao mashimo 50. Unachota kwenye ndoo kwa kibao bila kuchagua, jekundu ni kasoro. Mfumaji akapata 8, mtunza stoo 13, kijana wa kufungasha 6, tukampigia makofi. Alipochota tena akapata 12. Bosi akasema wanachota vibaya, akavua koti, akachota mwenyewe: 11. Akachota tena bila kuombwa. Akakiangalia kibao muda mrefu, kisha akauliza maharage mekundu yameingia lini kwenye ndoo.

Tulichobadilisha hakikugharimu hela nyingi. Kila mzigo sasa unatembea na karatasi yake, na kila kituo kinaandika siku na saa kilipopokea na kilipotoa. Ofisi nayo inaandika, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi mkali kuliko pote. Uzi ukiingia, koni moja ya kila loti inazungushiwa kwenye kadi nyeupe na kuangaliwa nje, mchana. Loti mbili hazikutani kwenye sweta moja. Zikilazimika kutumika kwenye mzigo mmoja, loti ya pili inafumiwa saizi nyingine nzima. Safu ya "Sababu" tuliifuta, tukaandika "Ilianzia wapi". Bado tunachelewa, mara nyingi kwa fedha au umeme, ila mteja anaambiwa wiki mbili kabla, akiwa bado na muda wa kugomba.

Jana mtunza stoo alinipigia saa kumi na moja jioni. Uzi wa kijani umeingia, loti tatu. "Dada, wahi, jua linazama."