Kuwa na jedwali la Excel si kuwa na hifadhidata

Wengi huamini kwamba ukishapanga taarifa zako kwenye Excel, kwa safu na mistari, tayari una hifadhidata. Sivyo. Zinafanana sura tu.

Excel inakupa karatasi, uandike unachotaka popote. Kwenye safu ya tarehe andika "wiki ijayo" uone: inapokea bila kuuliza. PostgreSQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, ingekataa papo hapo, kwa kuwa kila safu imeshatangaziwa aina ya data. Jaribu pia kuingiza oda ya mteja asiyekuwepo kwenye jedwali la wateja; nayo itagoma, mradi uhusiano kati ya oda na wateja umewekwa. Mpangilio huu wa majedwali yanayohusiana ulielezwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970.

Halafu kuna ukomo. Faili la zamani la Excel, XLS, hubeba mistari 65,536 tu kwa kila karatasi; la sasa, XLSX, 1,048,576. Mwaka 2020 Uingereza iliyaona: karibu visa 16,000 vya korona viliachwa nje ya ripoti kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili za XLS zikajaa. Hakuna aliyevifuta. Vilikosa nafasi, basi.

Siidharau Excel; kwa hesabu za haraka naikimbilia kila siku. Lakini wauzaji wawili wakigombea bidhaa ileile ya mwisho kwa sekunde moja, utahitaji kile hifadhidata inachokiita muamala: kupunguza stoo na kurekodi mauzo vinakamilika pamoja, au havifanyiki kabisa, na wa pili, mradi umeweka sharti stoo isishuke chini ya sifuri, anaambiwa bidhaa imekwisha.