Ule weupe shambani si theluji

Mvua kubwa ikinyesha, picha ileile hurudi kwenye magrupu ya Nakuru na Kericho: shamba jeupe pe, na maneno "theluji ya kwanza ya msimu". Hiyo ni mvua ya mawe. Huundwa ndani ya mawingu marefu ya radi, ambako upepo hurusha matone juu hadi yakaganda, nayo huanguka hata mchana wa joto. Wachuma chai wa Kericho na Nandi wanaijua vizuri. Theluji huhitaji baridi ya karibu nyuzi 0 hadi ardhini. Kwetu huanguka kileleni Mlima Kenya, mita 5,199, na haina msimu maalum.

Okota punje uipasue: ni barafu ngumu, mara nyingi yenye matabaka. Theluji ni laini. Kosa linaeleweka, maana kwenye simu vyote ni vyeupe tu. Ukitumiwa tena, usiisambaze.