Waridi la jangwani haliuawi na kiu

Kila masika yakikolea, wananchi hutuletea vyungu vya waridi la jangwani na maelezo yaleyale: "Mtaalamu, namwagilia kila siku, lakini majani yanapukutika." Huwa sianzi na majani. Nabonyeza shina pale linapovimba. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, mti ni mzima. Kidole kikizama na maji yenye uvundo yakatoka, umeoza. Kisha nageuza chungu: tundu limeziba, au halipo kabisa.

Mti huu ni wa kwetu. Asili yake ni sehemu kame za Afrika, Afrika Mashariki ikiwemo, na Arabuni. Ule uvimbe ndio tangi lake la maji, kwa hiyo udongo wa mfinyanzi unaoshika maji ni adui yake. Changanya mafungu mawili ya mchanga mkubwa wa mtoni na fungu moja la mboji iliyoiva. Chungu cha bei mbaya si lazima. Ndoo ya rangi inatosha, ilimradi uitoboe chini matundu manne au matano na kuiinua juu ya vipande vya tofali. Iweke kwenye jua kali. Mwagilia udongo ukikauka hadi kina cha kidole. Mvua zikizidi, isogeze barazani.

Sahani ya chini ya chungu, mimi ningeiondoa kabisa. Maji yake yakituama, mbu wa dengue huzaliana humo, na Dar es Salaam tuliuona ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukipogoa unapata matawi mengi na maua mengi. Ila utomvu wake ni sumu ya moyo. Wawindaji waliupaka kwenye mishale. Nawa mikono ukimaliza, na matawi uliyokata usiyaache watoto au mbuzi wakayafikia.

Na kama wako umeshaanza kuoza, usiutupe haraka. Ung'oe, kata sehemu laini kwa kisu kikali mpaka ufikie nyama safi isiyo na doa, uuning'inize kivulini wiki nzima kidonda kikauke. Ndipo uupande upya kwenye mchanganyiko mkavu, na ndoo ya maji uiweke mbali kwa siku kadhaa.