Acheni kumfanyia bibi mtihani

Naomba leo tumalizane na hili la "Bibi, mimi nani?" Kila nikifundisha watunzaji, wawe wahudumu wa kulipwa au watoto na wajukuu, hakosi mmoja wa kunambia kwa fahari kwamba kila asubuhi humuuliza mzee mwenye demensia, maradhi ya kusahau, majina ya wajukuu wote, "ili ubongo usilale". Mgeni akipiga hodi, na yeye hana budi: "Unanikumbuka?" Basi nyumba nzima inakaa kumtazama mtu wa miaka 80 akitapatapa.

Alzheimer, ugonjwa unaoleta demensia, huua seli za ubongo, na aghlabu huanzia hipokampasi, sehemu ya ubongo panapotunzwa mambo mapya. Ndiyo maana bibi atakuhadithia msimu wa karafuu wa ujanani mwake, lakini hajui kama kashakula. Swali lako halifufui seli. Jina atalisahau papo hapo, ila ile fedheha inaweza kumkaa moyoni muda mrefu baada ya mtihani wenyewe kufutika. Halafu jioni unanipigia simu: "Nesi, leo mkali bila sababu." Sababu ni wewe, mwanangu.

Jitaje mwenyewe kabla hajaanza kuhangaika: "Shikamoo bibi, mimi Mwanakhamisi wa Fatma, nimekuletea chai." Basi.

Wala sisemi akae tu akitazama ukuta. Mpe kazi ya mikono, kwa sababu ustadi wa mikono ubongo unautunza mahali pengine, na huchelewa kupotea. Mpe mchele auchague. Bi mkubwa asiyejua yuko nyumba ya nani, mtilie ukindu mkononi uone: vidole vinashika njia, na ukili unatoka umenyooka kuliko wako. Ukitoka umepinda, usimrekebishe. Mkeka si wa kuuza.

Kasali adhuhuri mara ya tatu? Mwacheni. "Umeshasali!" ya ukumbini mbele za watu inamsaidia nini? Masuala ya fikihi muulize sheikh, si mimi. Anadai pensheni jamii yake, ile pesa ya wazee, imeibiwa? Usiape wala usigombe, itafuteni pamoja. Anza chini ya godoro.

Linalonitatiza mimi ni pale anapomtaka mama yake, aliyekufa zamani. Ukimwambia kafa, anafiwa upya, na kesho atafiwa tena. Ukimwambia yuko shamba, umesema uongo, na sisi tumelelewa kuuogopa uongo. Wenzangu wengi wanaona uongo wa huruma hauna neno. Mimi humuuliza mama alikuwa akipika nini, alikuwa mkali au mpole, na mara nyingi mazungumzo yanampoza. Yasipompoza, akakushika mkono akauliza mara ya nne, sina jibu la kukupa, na mafunzo yetu hapo huruka ukurasa haraka haraka.

Hali moja tu ndiyo inayotaka kweli uangalie kama anakujua. Jana alikujua, leo hakujui kabisa, anasinzia katikati ya maneno au anaona watu wasiokuwapo. Demensia haiendi mbio hivyo, na usikimbilie kusema kapandwa na jini. Huenda ni maradhi ya mkojo, nimonia, kiharusi, kukosa maji au dawa mpya, hata hizi za mafua zinazoleta usingizi. Mpeleke hospitali leo hii, na dawa zake zote mfukoni. Kombe, yale maji ya aya, atakunywa akirudi.