Mfumo wa uchawi katika riwaya za kifantasia

Mfumo wa uchawi ni kanuni anazoziweka mwandishi wa riwaya ya kifantasia: nani ana nguvu, anazipata wapi, anazitumiaje, na zinamgharimu nini. (Kwa Kiswahili uchawi ni wa kudhuru, kwenye riwaya hizi neno hilo hubeba uganga pia.)

Mimi huanza na hilo la gharama. Mganga akikupa dawa hukupa na miiko: usigeuke nyuma, usimsemeshe mtu njiani. Riwaya ikikosa miiko, hofu inakwisha. Shujaa akibanwa atatamka neno, basi, kaokoka.

Katika Harry Potter, vitabu 7 vilivyotoka kati ya 1997 na 2007, uchawi ni somo la darasani. Unashika fimbo, unatamka maneno, unarudia mpaka uweze. Mipaka ipo: maiti hafufuki, chakula hakiumbwi pasipo kitu. Ila aliyekwisha fuzu hatoi jasho sana, na utamu wa vitabu vile naupata zaidi kwenye urafiki na mafumbo yake.

Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyoanza 1968, ndiyo niipendayo kupita zote. Huko kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua anakitawala. Kwa hiyo mtu hulificha jina lake, akamwambia yule tu anayeweza kumkabidhi roho yake. Ukiivuta mvua kisiwani kwako, huenda umekikausha kisiwa cha wenzako. Kijana Ged anayapuuza hayo. Usiku mmoja, kwa kutaka kumwonyesha mwanafunzi mwenzake kuwa anamzidi, anaita roho ya mwanamke aliyekufa zamani. Ufa unafunguka, kivuli kinamrukia na kumrarua uso. Mkuu wa shule anauziba ufa ule, na kazi hiyo inamuua. Ged anapona, lakini makovu hayamtoki.

Kijana anayeanza, hata hivyo, ningempa kwanza Akata Witch ya Nnedi Okorafor, ya 2011. Sunny ni msichana mwenye ualbino, mzaliwa wa New York anayeishi Nigeria. Kila anapojifunza jambo la maana, vipande vya pesa viitwavyo chittim vinaanguka kutoka hewani hadi miguuni pake. Vya shaba ndivyo vya thamani ya juu, vya dhahabu ndivyo vya chini. Akikimaliza hicho, nampa Earthsea.